Nibu bapa kwa kalamu ya wino ya bei nafuu: anza na mstari wa daftari lako

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu. Unayo kalamu ya wino ya Jinhao x750 yenye nibu (ile ncha ya chuma ya kuandikia) ya kawaida, unataka nibu ya italiki au stabu ili mwandiko upate minene na myembamba, hela si nyingi, na kazi zako ni mbili: kuandika majina kwenye kadi za mchango na za harusi, na kuandika notisi zako za kila siku kwenye kaunta buku. Wakuu waliotangulia wamekushauri uchukue 1.1, yaani yenye upana wa milimita 1.1, kwa sababu ndiyo wengi wanayoanzia. Kwa kadi wako sawa. Kwa kaunta buku sikubaliani nao, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuelewane maneno. Nibu ya kawaida ina kichembe cha metali ngumu mwishoni, kimesagwa mviringo, kwa hiyo mstari unatoka unene uleule ukienda juu, chini au pembeni. Nibu bapa imekatwa kama patasi. Ukingo wake ukiulaza sambamba na mstari wa daftari, ukishuka nayo inatoa upana wake wote, ukienda pembeni inatoa ukingo tu. Stabu na italiki zote ni nibu bapa, tofauti iko kwenye kona. Stabu kona zake zimeviringishwa, inateleza na kukusamehe. Italiki kona zake ni kali, myembamba yake ni myembamba kwelikweli, lakini ukiilaza vibaya kidogo inakwaruza karatasi au inagoma kuandika. Majina ya viwandani usiyaamini sana. Lamy 1.1 inauzwa kama nibu ya kaligrafia, ila kona zake ni laini na mkononi ni stabu tu.

Mimi wazo la nibu bapa sikulipata kwenye intaneti. Chuoni Tanga, nikiwa mdogo, maalim wetu alikuwa anachonga kalamu ya mwanzi kwa wembe, anaikata ncha mshazari halafu anaipasua katikati ili wino ushuke. Ile alifu ya kwanza aliyoandika kwenye ubao, nene juu na nyembamba inapomalizikia, bado naiona. Tenzi zetu za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kalamu za namna hiyo, na hata neno kalamu lenyewe limetoka huko. Kwa hiyo tusidhani ncha bapa ni pambo la Wazungu lililoletwa juzi.

Sasa kipimo. Mwandiko wa italiki, ule uliozaliwa Italia karne ya 15 na ambao Ludovico degli Arrighi alichapisha kitabu kidogo cha kuufundisha mjini Roma mwaka 1522, una kanuni moja ambayo waandishi bado wanaifuata: tumbo la herufi, yaani kimo cha a, e, m, n, liwe kama upana wa nibu mara tano. Usiichukulie kama sheria ya serikali. Ukishuka hadi mara nne herufi inakuwa nzito lakini inasomeka. Ukishuka chini ya hapo matundu yanaziba.

Chukua rula upime kaunta buku lako. Langu lina milimita 8 kutoka mstari hadi mstari. Nibu ya 1.1 mara tano ni milimita 5.5. Zimebaki 2.5, na humo ndani lazima viingie vichwa vya b, h, k, l na mikia ya g, j, y ya mstari wa juu. Haviingii. Mikia inagongana na vichwa na ukurasa unakuwa msitu. Nibu ya 0.8 inakupa tumbo la milimita 4 na nafasi ya milimita 4. Ya 0.6 inakupa tumbo la 3 na nafasi ya 5, hapo mwandiko unapumua. Ukitaka kutumia 1.1 kwenye daftari hilo itabidi uruke mstari mmoja kila mara, na kaunta buku la kwaya tatu litaisha kabla ya muhula.

Kiswahili kinalifanya jambo hili liwe kubwa zaidi. Maneno yetu yamejaa irabu, na a ndiyo inayoongoza. Nilipoanza kazi ya kadi, mwaka 2014, harusi ya binamu yangu, nilipewa kadi 180 zenye mstari wa nukta wa kujazia jina, na juu yake kulikuwa na nafasi finyu ya kama milimita 6. Nilikuwa na 1.1 pekee. Jina la kwanza lilikuwa Mwanahamisi. Nililiandika dogo ili litoshe, na a zote tatu zikaziba matumbo, w ikawa kama doa, na h huwezi kuitofautisha na n. Niliandika kadi kumi na mbili kabla ya mama mdogo kuja kuziangalia. Akaishika moja, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza, "Mwanangu, huyu tunayemwalika ni nani?" Tukazitupa zote kumi na mbili, na zilizobaki nikaziandika kwa nibu ya kawaida. Tangu siku hiyo sinunui nibu kabla sijajua mstari una milimita ngapi.

Kwa notisi zako, basi, ushauri wangu ni nibu ya Pilot Plumix. Kalamu yenyewe ni ya plastiki, fupi, ina umbo la ajabu, wengi hawaipendi mkononi. Wala huhitaji kuipenda. Nibu yake inaingia kwenye Pilot Metropolitan, ile inayouzwa Ulaya kwa jina la MR, na pia kwenye Kakuno na Prera, ambazo nazo ni kalamu za Pilot. Imeshikwa kwa kubana tu: kamata nibu pamoja na ulimi wa plastiki ulio chini yake, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, halafu rudisha vivyo hivyo. Upana wake uko chini ya milimita moja, kona zina ukali wa kiasi, na kwenye mistari ya milimita 8 inakaa vizuri. Kwangu imefanya kazi miaka sita bila kubadilishwa. Jambo la kuangalia: ukinunua toleo la Ulaya linatumia katriji (vibomba vya wino vya kubadilisha) za kawaida za kimataifa, mengine yanatumia katriji za Pilot peke yake. Uliza kabla ya kulipa.

Kwa kadi, hapo 1.1 inastahili, mradi nafasi ya jina isipungue sentimita moja. Njia ya bei ya chini kabisa ni kubaki na hiyo hiyo x750 yako. Inatumia nibu namba 6, saizi moja na Jinhao nyingine, X450 na 159, na kampuni ya JoWo ya Ujerumani inatengeneza nibu namba 6 za stabu za 1.1 na 1.5. Unavuta ya zamani, unapachika mpya juu ya ulimi uleule, ukihakikisha mpasuko wa nibu umelala katikati ya ulimi. Nisingechukua 1.5 kwa Jinhao. Niliijaribu, ulimi wake haukuweza kuilisha. Neno la kwanza lilitoka jeusi, la tatu kijivu, la tano nikalazimika kusimama nisubiri wino ushuke.

Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Ulaya, Lamy Safari ni kalamu nzuri ya kujifunzia, kwa sababu nibu zake za chuma zinatoka mbele kwa kuvutwa na kipande cha selotepu, na zipo za 1.1, 1.5 na 1.9. Kalamu moja inakuwa tatu. Sehemu yake ya kushikia imekatwa pande, inakulazimisha kuiweka nibu mahali pamoja, na kwa nibu bapa hilo ni msaada mkubwa. TWSBI Eco yenye stabu ya 1.1 nayo naipenda kwa sababu tangi lake ni kubwa na nibu bapa zinakunywa wino, lakini bei yake inapanda juu ya ulichotaja, kwa hiyo siendelei nayo.

Umegusia pia kusaga nibu mwenyewe. Inawezekana, na nibu ya ziada ya Jinhao ni mahali pazuri pa kujifunza kwa kuwa ikiharibika hasara ni ndogo. Lakini elewa: huwezi kuongeza upana, unaweza tu kukifanya kile kichembe cha mviringo kiwe bapa, kwa hiyo kutoka kwenye nibu ya wastani utapata stabu nyembamba. Tumia msasa wa maji, ule wa mafundi rangi wa magari, namba 2000 au laini zaidi, uwe umelowa. Saga mbele kidogo, kisha juu kidogo, kisha andika. Ya kwanza niliifanya kwa pupa, nikaacha kona ya kushoto kama wembe, ikawa inachana karatasi na kubeba nyuzi zake mdomoni. Ya tatu ndiyo niliyoanza kuitumia, baada ya kuzungusha kila kona mara nne tano kwenye msasa na kuiangalia kwa lenzi. Usiguse nibu ya kalamu unayoitegemea.

Kabla hujasema nibu mpya ni mbovu, angalia mkono. Sisi tumekuzwa na kalamu za biki: tunakandamiza, na tunaizungusha kalamu kadiri neno linavyokwenda. Nibu bapa haitaki yote mawili. Ukingo wake wote lazima uguse karatasi kwa pamoja. Kona moja ikiinuka mstari unatoka nusu, upande mmoja laini na mwingine umechanika. Weka ukingo mshazari, nyuzi 45 na mstari wa daftari, na ubaki hapo ukurasa mzima. Zoezi langu ni alama ya kujumlisha ndogondogo, +, mistari mitatu. Ukiwa kwenye 45, ule wa kushuka na ule wa pembeni vinalingana unene. Vikitofautiana, mkono umezunguka. Kama unatumia mkono wa kushoto anza na stabu, siyo italiki kali, maana kona kali zikisukumwa zinachimba.

Ukitaka kujua upana halisi wa nibu uliyoletewa, usitegemee maandishi ya kwenye pakiti. Laza ukingo sambamba na mstari wa daftari, siyo mshazari, chora vistari kumi vya kushuka vilivyogusana, pima upana wa vyote kwa rula, gawanya kwa kumi. Niliwahi kuuziwa mtandaoni nibu iliyoandikwa 1.1 ikatoka karibu 1.4, na bila kipimo hicho ningelaumu mwandiko wangu.

Wino: chukua wa kalamu ya wino, Quink au Pelikan 4001, inatosha. Usitie wino wa mhuri, wala wino wa kuchorea wenye gundi ndani, hata kama ni mweusi wa kupendeza. Ukikauka kwenye ulimi kalamu imekwisha. Hizo mbili za kwanza kwa kawaida huoshwa na maji, kwa hiyo bahasha ya kadi ikinyeshewa mvua jina linakimbia. Kwa bahasha mimi natumia Platinum Carbon Black, ambao haufutiki kwa maji, na kila wiki mbili naiosha kalamu bila kukosa. Nibu mpya ikitoa mstari mkavu, isafishe kwanza kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Mafuta ya kiwandani mara nyingi ndiyo yanayozuia.

Na kadi zenyewe, zikague kabla hujakubali kazi. Zile zinazong'aa hazinywi wino. Jina linabaki limesimama juu kama umande, na kidole cha kwanza kinalipangusa. Siku hizi ninamwomba mwenye shughuli anipe kadi mbili za kujaribia kabla hajachapisha zote, naandika jina moja refu, naacha dakika tano, napitisha kidole. Ikitoka, namwambia achague karatasi nyingine au anipe kalamu ya maka.

Pima mistari ya kaunta buku lako na nafasi ya jina kwenye kadi, uniwekee namba zote mbili hapa pamoja na picha ya mwandiko wako wa sasa. Nitakwambia kama unahitaji nibu mbili au moja itatosha.