Kupunguza kahawa bila kuumwa kichwa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba hunywa vikombe vitano vya kahawa kwa siku, kwamba ulipoacha ghafla kichwa kilikuuma siku tatu mfululizo, na sasa unauliza kama chai itakufaa. Itakufaa, ila usiache kwa mkupuo. Mwili uliozoea kafeini huilalamikia ikikosekana, na maumivu hayo kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho.

Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu au nne, ukianza na kile cha jioni, kwa sababu saa tano hivi baada ya kunywa, takriban nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini. Mahali pake weka chai ya rangi, ambayo kwa kikombe cha ujazo uleule huwa na karibu nusu ya kafeini ya kahawa, mradi usiichemshe mpaka ikawa nyeusi kama lami. Mimi niliteleza kwingine: kila kikombe nilikitia vijiko vitatu vya sukari. Usiku chemsha mchaichai au tangawizi tupu, ambavyo havina kafeini kabisa. Kile kikombe kidogo cha kahawa chungu cha barazani, pamoja na kashata yake, sioni haja ya kukiacha.

Ikiwa una upungufu wa damu, usinywe chai pamoja na chakula, kwani hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Subiri walau saa moja.