Kubadilisha kitambaa cha kiti cha mezani: pini zianzie katikati

Anayeanza asiguse sofa. Sofa ina springi, mikono, mishono na kona za ndani ambazo hata fundi mzoefu zinamtoa jasho. Anza na kiti cha mezani, kile ambacho kikalio chake ni kipande cha plaiwudi kilichofungwa kwa skrubu nne kwa chini. Ukikosea, hasara ni kipande cha kitambaa tu.

Kipindue, fungua skrubu, zitie kwenye kikombe. Halafu shika mgongo wa kiti ukitikise. Kwetu Dodoma ni kukavu, na kati ya Mei na Oktoba mbao inanywea hadi viungo vinalegea, hata vya mninga. Kitambaa kipya kwenye kiti kinachoyumba ni sawa na kumvisha mgonjwa suti. Chomoa kiungo kilicholegea, kwangua gundi ya zamani hadi mbao ionekane, paka gundi nyeupe ya mbao, kisha zungushia utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ukiuvuta kwa nguvu. Usikiguse mpaka kesho yake.

Kung'oa pini za zamani, zile za stepla zinazoshikilia kitambaa kwenye ubao, ndiyo kazi inayochosha. Ingiza ncha ya bisibisi bapa chini ya pini, inua upande mmoja, malizia na plaizi. Usichane kitambaa kwa hasira, maana ndicho kitakuwa kipimo chako. Ukikuta madoa madogo meusi kwenye mikunjo, huenda ni dalili ya kunguni: sponji na kitambaa vyote vitoke nje ya nyumba siku hiyo hiyo, na kipimo uchukue kwenye plaiwudi.

Sponji ya inchi 2 inatosha. Ibonyeze kwa kidole gumba: nzuri inakusukuma na kurudi mara moja, ya godoro laini inabaki na shimo, na ukiikalia utaisikia plaiwudi. Iweke chini ya ubao, chora kuzunguka ukiongeza sentimita 1 kila upande, ukate kwa kisu cha mkate bila kukandamiza. Mkasi unaibana na kuacha ukingo wa mshazari, na mshazari huo utaonekana juu ya kitambaa.

Kitambaa sasa. Kikalio cha sentimita 45 kwa 45 kinataka kipande cha 65 kwa 65: sentimita 5 za kupanda sponji na 5 za kukunjia chini, kila upande. Vitambaa vingi vya makochi vina upana wa mita 1.4, kwa hiyo vipande viwili vinakaa sambamba, na viti sita vinamalizwa na mita 2. Chenye maua makubwa au mistari ongeza nusu mita, la sivyo ua litakaa katikati kwenye kiti kimoja na pembeni kwenye kingine. Rangi ya krimu, kwa vumbi letu, waachie wenye ukumbi.

Laza kitambaa kifudifudi, sponji juu yake, ubao juu ya sponji. Piga pini moja kwa stepla katikati ya upande wa mbele, vuta upande wa nyuma upige moja, kisha kushoto, kisha kulia. Geuza uangalie kama mistari imenyooka. Ndipo uendelee kutoka katikati kuelekea kona, pini kila sentimita 3, ukibadilishana pande, na usimame sentimita 5 kabla ya kona. Wengi wanaharibu hapa: wanaanzia kona moja na kumaliza upande mzima, na upande wa pili unakuja na mawimbi ambayo hayanyooshwi kwa kuvuta. Ukivuta kupita kiasi, sponji inabonyea kila penye pini na ukingo unakuwa kama meno.

Kwenye kona, vuta ncha ya kitambaa kuelekea katikati ya ubao, ipige pini moja, punguza kinachozidi, kisha kunja kulia na kushoto ili mikunjo miwili ikutane. Pini za milimita 8 zinafaa plaiwudi ya milimita 12. Ndefu kuliko ubao zitatokeza kwenye sponji. Stepla ya mkono ikandamize kichwani kwa mkono wa pili, vinginevyo pini inasimama nusu na itabidi uimalizie kwa nyundo. Matundu ya skrubu yasifunikwe.

Ngozi bandia ianike juani dakika chache kwanza. Ikipata joto inalainika na kona zinakubali.

Chini malizia na kitambaa chepesi cheusi, kizuie vumbi na makombo ya sponji. Wakati wa kurudisha skrubu, ikizunguka bila kukaza, chovya njiti mbili za kiberiti kwenye gundi, zisokomeze kwenye tundu, zikate usawa, kisha kaza.