Jibu: Vijana wa zimamoto hawalali baada ya kuopoa maiti ziwani

Habari ndugu. Umesema vijana wako hapa Kigoma hawalali tangu waopoe maiti, na kikao cha kuwasimulisha wote kimewazidishia ukimya. Hicho kiache, kumlazimisha mtu asimulie siku ileile kunaweza kumwongezea maumivu. Angalia kwanza ratiba: aliyebeba maiti asipangwe zamu ya usiku unaofuata. Siku ya 3, kisha wiki ya 2, mwenzake wa cheo kilekile (siyo bosi!) amfuate faragha: analala saa ngapi, pombe imeongezeka, anaukwepa mwalo (ufuko boti zinapotia nanga)? Dalili zikipita mwezi, mpeleke Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Akitaja kujiua usingoje mwezi, nenda naye leo. Na haya yasiingie daftari la zamu. Wakiyaona humo, hakuna atakayefungua mdomo.