Maswali na majibu: bonsai ianzie wapi?

Niliagiza mbegu za bonsai mtandaoni. Wiki sita sasa, hakuna iliyoota. Shida nini? (Morogoro)

Hakuna mbegu ya bonsai. Bonsai ni mti wa kawaida uliodhibitiwa ubaki mdogo kwa mkasi na chungu. Ukiletewa mbegu za mepu ya Japani, kwa mfano, zinataka miezi ya baridi kabla ya kuamka, na Morogoro hutaipata hiyo isipokuwa kwenye friji.

Panda mbuyu. Loweka ubuyu mpaka unga utoke, osha mbegu, kisha zisugue upande mmoja kwa msasa mpaka weupe uonekane. Ziache kwenye maji ya uvuguvugu saa 24, uzifukie sm 2 kwenye udongo wa kichanga. Usipozisugua, ganda linaweza kuzuia maji miezi kadhaa. Msimu unaofuata, mwishoni mwa kiangazi kabla majani hayajatoka, ng'oa mche, punguza mzizi mkuu ubaki sm 5, acha kidonda kikauke kivulini siku mbili tatu, ndipo uupande juu ya kigae bapa ili mizizi isambae pembeni. Usiuhamishie kwenye chungu kidogo bado. Shina hunenepa ardhini au kwenye ndoo iliyotobolewa; kwenye kisahani litabaki jembamba miaka na miaka.

Vipande vya bogenvilia vinachipua vizuri, halafu majani yananyauka vyote vinakufa. (Mombasa)

Majani hayo yametoka kwa akiba iliyomo ndani ya kipande chenyewe, mizizi bado haipo. Hapo ndipo wengi huvipeleka juani, au huving'oa "kuangalia tu", na mizizi ya bogenvilia hukatika kwa kuguswa.

Chukua tawi lililokomaa, unene wa kidole gumba, urefu wa sm 15 hadi 20. Kata chini tu ya jicho (pale jani linapotokea), ondoa majani yote, fukia theluthi moja. Tumia mchanga wa mtoni uliochekechwa, si wa ufukweni, maana chumvi huunguza mizizi michanga. Hata ukitumia vumbi la makumbi ya nazi badala yake, lisuuze mara tatu. Weka kivulini, mwagilia uso wa mchanga unapoanza kukauka, usiguse kwa wiki 8 hadi 10. Mizizi ikichungulia kwenye matundu ya chini, anza kuzoesha jua la asubuhi. Kipande kikiwa cheusi na laini chini, kimeoza kwa maji mengi, kitupe.

Fikasi yangu ina tawi zuri, nene kama mpini wa jembe. Nawezaje kulifanya mti bila kulipoteza? (Arusha)

Lioteshe mizizi likiwa bado juu ya mti. Ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote, kwa sababu unapata shina nene kwa miezi michache.

Msimu wa mvua, chubua gome kuzunguka tawi, upana wa pete uwe mara moja na nusu hadi mbili ya unene wa tawi. Tawi la sm 3, pete ya sm 5 hivi. Futa utomvu, kisha kwangua ule utelezi uliobaki mpaka ufikie mti mgumu mweupe. Wanaofeli hufeli hapa: ukibakiza hata uzi mmoja wa utelezi, gome jipya huunganisha juu na chini, na mti hauoni sababu ya kutoa mizizi. Pasua chupa ya plastiki angavu, izungushe, ijaze vumbi la makumbi lililoloweshwa na kukamuliwa, funga kwa waya, funika kwa kitambaa cheusi. Mizizi hutoka kwenye ukingo wa juu wa pete, kwa hiyo ukingo huo uwe ndani kabisa ya chupa.

Baada ya wiki 6 hadi 8 fungua kitambaa. Mizizi michache myeupe haitoshi. Subiri ijae na kuanza kuwa kahawia. Kata tawi chini ya chupa, panda bila kufumua mizizi, punguza theluthi ya majani, fungia mti usitikisike.

Waridi la jangwani: mbegu au tawi? (Dodoma)

Mbegu, kama unataka lile tako nene, yaani shina lililovimba chini. Tawi huota lakini kwa kawaida halitengenezi umbo hilo. Mbegu iliyovunwa karibuni huota ndani ya wiki moja. Vaa glavu unapokata: utomvu wake ni sumu, na baadhi ya wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka mishale.

Kuna mtini umeota ukutani kwenye nyumba ya zamani. Niung'oe? (Unguja)

Usivute. Mizizi imeingia katikati ya mawe na chokaa. Itakatika, mawe yatafuata, na kisiki kitachipua tena. Ndani ya Mji Mkongwe ukuta hauguswi bila kibali. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu kukata shina tu. Mitini mingi huota hata kwa kipande kinene kama kifundo cha mkono: acha utomvu ukauke, ondoa majani, panda kwenye mchanga kivulini kama bogenvilia. Kisiki kilichobaki ni kazi ya fundi.