Mbwa dukani Mtwara? Mimi nilirudi nyumbani na kilo 74 za mchele

Mkuu, simama hapo hapo. Hicho kikoti ulichomnunulia mbwa kirudishe kwa aliyekuuzia leo hii, usingoje kesho.

Swali lako nimelisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani nimeliandika mimi. "Nahamia Mtwara mwezi ujao kikazi, nakuja na mbwa wangu wa aina ya jamani shepadi, miaka miwili, mpole, chanjo zote anazo. Naweza kuingia naye madukani na sokoni nikiwa nimemfunga kamba na kumvalisha kikoti? Bichi vipi? Na basi gani linapakia mbwa?" Hayo maneno mawili, "mpole" na "chanjo", ndiyo niliyokuwa nayo mdomoni siku niliyoingia hasara ambayo mama watoto mpaka leo akiitaja hushusha sauti kama anataja marehemu.

Waliotangulia humu wamekujibu "inategemea na mwenye duka". Haitegemei.

Mbwa wangu anaitwa Bosi. Nilimchukua mdogo kwa mtu mwenye shamba la korosho njia ya Naliendele. Wa kienyeji tu, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Alipotimiza miezi mitatu nikamchanja, kila mwaka narudia, na kadi yake inakaa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ndoa. Mpaka hapo sijakosea. Na usije ukadanganywa kwamba watu wa huku wana chuki na mbwa. Nenda mashambani ukaone nguruwe pori wanavyofanya kwenye mihogo. Asiye na mbwa analima kwa ajili yao. Jirani yangu, mtu wa swala tano, anao wawili na anawapenda. Ila wanakaa shamba. Miaka yote sijawahi kuwaona mjini na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kosa lilianzia kwa binamu yangu wa Dar. Akisoma hapa asome vizuri. Alikuja likizo, akamkuta Bosi kafungwa nyuma ya nyumba, akasema, "Kaka, unaishi kizamani." Akatoa simu akanionyesha video: dada wa Marekani anasukuma kitoroli supamaketi, pembeni yake mbwa mkubwa kavaa kikoti, katulia kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza siku ya kuripoti. "Siri ni kikoti," binamu akasema. "Mbwa akivaa kikoti watu wanajua huyu ni wa kistaarabu." Mimi mtu mzima, baba wa watoto watatu, nikaamini. Nikanunua kile kizibao cha kung'aa cha bodaboda, nikampelekea fundi cherehani akipunguze. Fundi aliniuliza mara mbili mtoto ana umri gani.

Baadaye sana ndipo nikaja kujua yule mbwa wa kwenye video alikuwa nani. Marekani wana sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Mbwa anayeruhusiwa kuingia nawe dukani ni aliyefundishwa kazi: kumwongoza asiyeona, kumshtua kiziwi king'ora kikilia, mambo ya namna hiyo. Mwenye duka anaruhusiwa kukuuliza maswali mawili: mbwa huyu unamhitaji kwa ajili ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani? Kikoti wala si sharti! Na mbwa wa kufuga tu, asiye na kazi hiyo, huko huko kwao, duka la vyakula kwa kawaida haingii. Kwa hiyo binamu alikuwa amekosea hata Marekani yenyewe. Kazi aliyofundishwa Bosi ni kubwekea bodaboda, na hiyo alijifundisha mwenyewe.

Sasa siku yenyewe. Ijumaa, kama saa tano na nusu asubuhi, Magomeni ya hapa hapa Mtwara. Duka la mzee mmoja ambaye nilikuwa nakopa kwake mwaka wa sita huo, na hajawahi kunidai mbele za watu. Ukipanda baraza lake unakutana na magunia ya mchele na maharage yaliyokunjwa midomo, kila moja limechomekwa kipande cha boksi chenye bei. Mzee kashatawadha, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ndani wamo akina mama wawili na mtoto katumwa chumvi.

Nikaingia. Yaani nilivyoingia, mkuu, ni kama naleta maonyesho ya Nanenane. Kikoti kinang'aa, kamba fupi mkononi, Bosi kanyoosha mkia. Yule mtoto akaruka kaunta. Nikasema, "Asimuogope, ni mpole," nikaomba sukari kilo moja. Nilipoingiza mkono mfukoni kutoa hela, kamba ikalegea kiasi cha dhiraa moja.

Dhiraa moja inatosha. Bosi akazamisha pua kwenye gunia la mchele mpaka kwenye macho. Akaitoa, punje zimemganda puani zote, akalamba, akapiga chafya. Chafya ile ikarudi humo humo kwenye gunia. Alipogeuka kunitazama kama anayesubiri pongezi, pua ikapita kwenye pindo la kanzu ya mzee.

Pale pale ningesema "Mzee wangu, nisamehe, nimekosa", nikamtoa mbwa, leo nisingekuwa na la kuandika. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Usiwe na wasiwasi mzee, huyu kachanjwa." Nikatoa kadi. Kumbuka ninayo kwenye mfuko wa plastiki. Mzee akaitazama kama nimempa risiti ya baa.

Hapo ndipo wageni wote mnapojikwaa, na ndipo utakapojikwaa wewe na chanjo zako zote. Chanjo ni habari ya kichaa cha mbwa. Mzee alikuwa kwenye habari ya najisi. Waislamu wengi wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa mkavu akigusana na nguo kavu hakuna neno, lakini pua ya mbwa mara nyingi ni mbichi, na Bosi yake alikuwa katoka kuilamba. Mtu yuko njiani kwenda Ijumaa, kanzu imeguswa, udongo wa kuoshea akautafute saa hizo, halafu wewe unamsomea tarehe ya sindano.

Na hata huko kwenye kichaa usitambe sana. Kadi unaiona wewe. Mama mwenye mtoto anaona meno. Ugonjwa ule dalili zikishajitokeza kupona ni kama hakuna, na watu wanalijua hilo. Ndiyo maana ukitokea mkwaruzo tu wa jino hakuna kubishana "kachanjwa, hajachanjwa": unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, siku hiyo hiyo hospitali. Kwa hiyo anayekimbia akimwona mbwa wako si mshamba. Sikulijua hilo wakati ule, nilimcheka yule mtoto wa chumvi. Mungu anisamehe.

Turudi dukani. Mzee akaniuliza taratibu kabisa, na upole wake ndio uliotakiwa unishtue, "Huu mchele, wewe ungekuwa mteja ungeununua?"

Nikajibu kwa kifua, "Ndiyo. Nipimie kilo mbili sasa hivi."

"Basi chukua wote."

Akina mama wakacheka. Mizani ikaletwa. Kilo 74, kila kilo 2,600, jumla 192,400. Laki moja tisini na mbili nikatuma kwa simu, nikadhani hiyo mia nne atanisamehe. Akaingoja.

Unadhani hiyo ndiyo hasara? Hiyo ilikuwa nauli tu ya kwendea kwenye hasara.

Bajaji wawili walimtazama Bosi wakaondoka. Nikapata mkokoteni. Gunia likapakiwa, na kabla sijasema lolote Bosi akaruka akakaa juu yake, kifua mbele, kikoti kinameremeta. Ndiyo kwanza watu wanatoka majumbani kuelekea msikitini. Tukaupita mtaa mzima hivyo, kasi ya konokono, mimi nyuma nasukuma, na kila baraza linanyanyuka kutazama. Niliona aibu ya mbwa. Sikukumbuka kabisa mke wangu anauza nini.

Mke wangu anauza vitumbua.

Na kitumbua, mkuu kama hujui, kinapikwa kwa mchele. Unalowekwa, unasagwa, unatiwa tui. Alikuwa akitoa 120 kila asubuhi, 200 kwa kimoja, saa moja na nusu sinia jeupe. Saa nane mchana siku ile habari ilikuwa "mbwa katia pua kwenye mchele wa mzee". Saa kumi na moja ikawa "mbwa kala mchele". Baada ya isha ilikuwa imeiva: "Yule baba kaununua kwa bei ya kutupa, mke wake anaupikia vitumbua." Bei ya kutupa! Laki moja tisini na mbili na mia nne zake!

Jumamosi viliuzwa 9. Jumapili 4, na hao ni wapita njia. Jumatatu jirani wa ukuta mmoja, anayemwita mke wangu wifi, alirudisha bakuli letu lililokuwa kwake tangu Idi. Kalisugua, nikakuta mchanga kidogo kwenye ukingo. Hakusema kitu, akaliweka mlangoni akaondoka. Mama watoto alikaa na lile bakuli mapajani muda mrefu, halafu akaniambia, "Mchele wako ukaupike wewe." Nikaupika. Karibu miezi mitatu sinia halikutoka nje. Alianza tena kwa kununua mchele kilo moja moja, adhuhuri, kwenye duka lenye watu wengi, na kuusaga pale pale mashineni mbele ya mashahidi.

Nilikwenda kwa sheikh mmoja kuuliza, tayari nimeshakula robo gunia. Akaniambia mchele mkavu si kama maji. Zingetolewa punje zilizoguswa pamoja na zilizokuwa kando yake, uliobaki ungelika bila tatizo. "Hukumwambia mzee hivyo?" Nikamjibu, "Nilimwambia kachanjwa." Alicheka mpaka akavua miwani.

Basi kanuni ni moja, na usiipime kwa akili yako. Unaona pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye bati, yakachimba kamfereji kwenye mchanga mbele ya baraza? Huo mchirizi. Mbwa anakomea kwenye mchirizi. Duka liwe na vyakula, liwe la vifaa vya ujenzi, liwe la rafiki yako, liwe tupu: mchirizi. Mwenye duka akikwambia "aah mlete tu ndani", anakustahi wewe, wateja wake hawajasema. Mchirizi! Zahanati, kibanda cha chipsi, kwa fundi, ofisi ya serikali ya mtaa, ni hapo hapo. Uko peke yako na mbwa na unataka sukari? Simama nje upige hodi, sema unachotaka, atatumwa mtoto achukue hela, utaletewa sukari. Au mrudishe mbwa nyumbani uje mwenyewe kama binadamu wengine.

Soko Kuu na Feri ndiyo hata usiniulize. Huko mchirizi haupo, samaki wengine wamepangwa chini kabisa, usawa wa pua. Hapo mbwa abaki nyumbani. Na ukihamia nyumba mpya, siku za mwanzo pita mwenyewe bila mbwa, salimia, waambie "nina mbwa, anafungwa, akitoka niiteni". Hilo nalo binamu hakuniambia. Binamu alirudi Dar na kilo kumi za mchele nilizompa, na sikumwambia ni upi.

Umeuliza na basi, na bichi. Waachie wengine hayo, mimi bado niko kwenye mchele.

Kwa yule mzee nilirudi. Siku za mwanzo nikimtuma mtoto, siku moja nikajikaza nikaenda na Bosi jioni, hana kikoti. Sikumwamuru kitu. Alifika kwenye kale kamfereji akakaa, miguu ya mbele ukingoni kabisa, mate yanamdondoka nje. Mzee akamtazama kwa muda. Akapima sukari, akatoka nayo, akaiweka juu ya kreti ya soda mwisho wa baraza, akarudi ndani. Nikachukua, nikaacha hela pale pale. Kukopa bado hajanirudishia.

Kikoti changu ninacho, kizima kabisa, kimevaliwa mara moja. Ningekupa, ila jamani shepadi hakitamwingia.