Wadogo zangu, podikasti shirikishi haiishii kwenye kumpa mtu maiki

Podikasti shirikishi ni ile mtafiti na wanajamii wanaitengeneza pamoja. Nimesikiliza episodi mpya za vijana wetu, jamani nawapenda ila mnaniumiza, mtafiti anaongea weee, anamtaja Linda Tuhiwai Smith, yule msomi Mmaori wa New Zealand, na kitabu chake cha 1999 (Decolonizing Methodologies), anafafanua ukoloni wa utafiti mpaka basi, alafu mkulima mwenyewe anakuja kupewa nusu dakika. Hiyo ni intavyuu ile ile mmeiwekea muziki.

1. Kalenda ni ya wenyeji. Kama mnafanya na wakulima wa mwani Paje au Jambiani kule Zanzibar msiwaite bamvua, maji yanakupwa sana na kina mama wako baharini wanafunga mbegu kwenye kamba. Subirini maji mafu, yasipokupwa sana.

2. Fomu ya ridhaa ya zamani haitoshi. Mkificha jina sauti bado inajulikana, kijijini mtu anatambulika hata kwa kikohozi, kwahiyo ombeni ridhaa tena akishasikia episodi nzima. Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, kwenye kanuni zao za utafiti za 2017 walisema wazi, kuahidi kurudisha matokeo alafu usionekane ni kukosa heshima.

3. Kuediti, hapa ndo panaponiuma. Kuna timu ilirekodi na kina mama wa mwani, mama mmoja akamwaga hesabu yote, kamba anakopeshwa na mnunuzi, kwahiyo mwani ukikauka hana pa kuupeleka ila kwa huyo huyo na bei anapanga yeye. Katikati akamkumbuka mwenzake aliyeacha kazi, akalia kidogo. Timu ikarudi Dar, wakaediti wenyewe ofisini eti muda hautoshi. Siku ya kusikilizisha spika ikawekwa barazani, kilio kipo, tena na muziki wa huzuni chini yake, habari ya mkopo imekatwa yote kwasababu inachosha. Mama akauliza, "Na bei yangu iko wapi, mwanangu?" Kimya. Akanyanyuka kwenda kuanua mwani wake, wenzake wakamfuata. Yaani mama kawafanyia uchambuzi wenyewe, kazi wanayolipwa wao, wakautupa wakabakiza machozi!

Mtu wa kijiji awepo kwenye kuediti na awe na neno la mwisho. Audacity, programu ya kuediti sauti, ni ya bure, inafundishika. Rekodi ghafi nakala ibaki kwao kwenye memori kadi. Na wanaoediti walipwe kama mnavyomlipa fundi sauti, iandikeni kwenye bajeti kabla hamjatuma proposo ya kuomba fedha, bajeti ikishapita hakuna atakayewafungulia tena.