Picha ya Ukutani Haina Bwana Harusi

Miaka kumi nimekula kwa picha za harusi na kipaimara. Kazi hiyo ina raha yake: mwenyewe yupo, anakusumbua kwa simu, na hata ukikosea kidogo ataichukua maana shangazi yake yumo. Picha ya ukutani haina bwana harusi. Hakuna aliyekutuma uipige, basi hakuna anayelazimika kuinunua.

Yangu ya kwanza kuuzwa niliipiga Paje, pwani ya Unguja, siku ya bamvua, maji yametoka mbali na kina mama wanafunga mwani kwenye kamba. Nyumba moja ya wageni iliipenda. Nikataja shilingi 90,000 kwa aibu aibu. Baadaye nikapiga hesabu: kuchapa, fremu, kioo na nauli ya boti vilikuwa vimekula 75,000. Masika yakapita, simu ikaja. Picha imenata kwenye kioo, ina vidoa vya ukungu. Fundi alikuwa ameibana karatasi na kioo bila nafasi yoyote, nami nilisimama pale pale karakana nikimtazama. Kwa unyevu wa pwani, zungushia picha kadi nene isiyo na asidi ili kioo kisiiguse, chapa kwenye karatasi ya pamba, tumia wino wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka. Nakala ya pili niliigharimia mwenyewe.

Ukubwa nao usikimbilie. Faili ya megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000. Kwa pikseli 300 kila inchi inakupa kama sentimita 51 kwa 34. Inatosha kabisa sebuleni.

Ukiandika 3/10 kwa penseli pembeni ya picha, yaani nakala ya tatu kati ya kumi tu, umeahidi. Amua mapema kama kumi hizo ni za vipimo vyote au za kipimo kimoja, na uandike kwenye daftari nani kachukua namba gani. Kumi zangu zilipoisha akatokea mteja wa kumi na moja, pesa taslimu mkononi, na kodi ya nyumba ilikuwa inanidai. Nilimwonyesha picha nyingine. Hakuinunua.

Maduka ya Mji Mkongwe mengi yatataka mali kauli: unawaachia, wakiuza wanakata chao, mara nyingine hadi nusu. Si wizi, wao ndio wanaolipa pango. Ila andikishianeni, pamoja na tarehe ya kuzirudia. Mimi niliacha tatu kwa maneno matupu; nilipozifuata nikazikuta mlangoni, jua la mchana limezipiga hadi zimepauka, na hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyezitundika hapo.

Anayenunua nakala hajanunua haki ya kuitia kwenye kalenda yake. Faili usimpe. Ofisi za hakimiliki zipo: Bara kuna COSOTA, Zanzibar kuna COSOZA. Kawasajilie kazi zako kabla ya ugomvi.

Mkikosa cha kupiga, kaeni nusu saa Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, duka la picha lililoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Tazameni wageni wanachochagua katika picha zile za zamani: mitaa, majahazi, watu katika siku ya kawaida tu. Ule ni mji uliopigwa na mtu aliyeishi ndani yake.

Nami nilikuwa mpita njia Paje. Nilirudi na nakala kwa bi mkubwa aliye mbele kwenye ile picha, pamoja na bahasha ya fungu lake, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kuuza hata moja. Bahasha aliipokea akaikunja kwenye kanga. Picha aliishika muda mrefu, nikasubiri asifie mwanga.

"Mwanangu, siku hii mwani ulikuwa umekufa. Huoni kamba zilivyo tupu?"

Nilikuwa sijaona. Akanitajia bamvua ya kurudi.